Mti wa gome jeupe wateja wanaouulizia: ujue kabla hujapokea oda

Kama unauza miche, mbegu, vyungu au mapambo ya bustani mtandaoni, hii picha lazima umeshatumiwa. Miti mitatu imesimama pamoja, mashina jeupe pe kama chaki, majani membamba yanapepea, nyuma kuna nyumba ya kisasa yenye vioo vikubwa. Chini yake ujumbe mfupi: "Bosi, hii unayo? Naomba bei."

Wengi tunajibu haraka kwa sababu mteja akiuliza bei tunaona hela. Wengine wanajibu "ipo kwa oda" halafu ndo wanaanza kutafuta. Leo nataka tuujue huu mti vizuri, unatoka wapi, unakuzwaje kule kwao, kwa nini mbegu zake zinauzwa kila mahali, na wewe ukiulizwa ujibu nini ili upate hela na mteja abaki wako.

Mti wenyewe ni upi

Waingereza wanauita birch. Jina lake la kitaalamu ni Betula, kwa hiyo hapa tuuite mbetula. Mibetula iko ya aina nyingi, na karibu yote ni miti ya nchi za baridi: Ulaya ya kaskazini, Urusi, Kanada, kaskazini mwa Marekani, milima ya Asia. Kule Finland mbetula mmoja, Betula pendula, ndo mti wa taifa.

Ila ule mweupe kuliko wote, unaopandwa kwa ajili ya urembo tu, mara nyingi ni Betula utilis wa aina ya jacquemontii. Asili yake ni milima ya Himalaya upande wa magharibi, huko Kashmir na jirani zake. Jina hilo limetokana na Victor Jacquemont, Mfaransa mtaalamu wa mimea aliyezunguka India akikusanya mimea na kufariki Bombay mwaka 1832. Neno utilis ni Kilatini, maana yake wenye manufaa. Na kweli ulikuwa na manufaa, maana gome lake linabanduka kama karatasi, na watu wa huko walilitumia kuandikia kabla karatasi haijaenea. Maktaba ya taifa ya Uingereza, British Library, ina maandishi ya Kibudha yaliyoandikwa kwenye gome la mbetula karibu miaka 2000 iliyopita. Yaani mti unaoulizwa bei kwenye stetasi yako ulishawahi kuwa daftari.

Kwenye vitalu vya Ulaya utakuta una majina ya kibiashara kama Doorenbos, Grayswood Ghost, Silver Shadow na Jermyns. Hayo sio mapambo ya jina. Kila jina ni mti uliochaguliwa kwa weupe wake, ukaendelezwa kwa kubebesha, kama tunavyobebesha miembe. Shikilia hilo neno kubebesha, tutalirudia tukifika kwenye mbegu.

Kwa nini ni mweupe, na kwa nini mche wake sio mweupe

Weupe unatokana na kitu kinachoitwa betulini, kinachojaa kwenye seli za gome la nje. Wataalamu wanasema weupe huo unausaidia mti wakati wa baridi. Jua likipiga theluji na shina kwa pamoja, shina jeusi lingepata joto mchana na kuganda usiku, mwisho lingepasuka. Jeupe linarudisha mwanga.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndo biashara ilipo. Mche mdogo wa mbetula una gome la kahawia. Weupe unakuja polepole, shina likinenepa na gome la zamani likibanduka, na hiyo ni kazi ya miaka kadhaa. Picha uliyotumiwa na mteja ni ya mti mkubwa. Mche atakaopokea mtu wa Uingereza kutoka kwenye kitalu unaweza kufanana na fimbo ya kuchungia ng'ombe.

Wauza miche wazuri wa kule wanalisema hilo kwenye tangazo lenyewe. Wanaandika urefu wa mche, ukubwa wa chungu, na kwa miti mikubwa wanaandika mzingo wa shina kwa sentimita. Mteja akitaka mti mweupe tayari analipa bei ya mti wa miaka mingi, na akitaka wa bei ndogo anajua atasubiri. Hapo ugomvi unakuwa umeisha kabla haujaanza.

Unakuzwaje kule kwao

Hii sehemu isome hata kama uko Mbagala au Kisumu. Kwanza utaweza kuongea na mteja kama mtu anayejua. Pili, wengi wetu tuna wafuasi walio Uingereza, Ujerumani, Norway na Kanada. Kuna watu wetu wamenunua nyumba huko na wanataka kupanda mti mbele ya mlango. Mtumie hii.

1. Msimu. Mche unapandwa kuanzia Novemba mpaka Machi, mti ukiwa umelala na hauna majani. Wakati huo inauzwa miche isiyo na udongo, mizizi mitupu, na ndo ya bei nafuu. Ya kwenye chungu inaweza kupandwa muda wowote, ila isiwe ardhi imeganda au kuna kiangazi kikali.

2. Mahali. Jua la kutosha au kivuli chepesi, udongo unaoshika unyevu lakini hautuamishi maji. Usiupande umebanana na ukuta wa nyumba. Mti ukikomaa unapita mita 10 kwa urefu, na mizizi yake inatambaa juu juu.

3. Shimo. Liwe pana kuliko mizizi, lisiwe la kina kirefu. Pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi pabaki usawa wa ardhi. Watu wengi wanaua miti kwa kuizika.

4. Maji. Mizizi ikiwa juu juu maana yake ukame unaupata mapema. Miaka miwili ya mwanzo, miezi ya joto unamwagiliwa maji mengi kwa wakati mmoja, sio kunyunyiziwa kila siku kama mchicha. Weka matandazo kuzunguka mti, ila yasiguse shina.

5. Kupogoa. Usikate matawi majira ya kuchipua, maana maji ya mti yanapanda kwa nguvu na kidonda kitavuja sana. Kata kuanzia mwisho wa kiangazi mpaka katikati ya baridi. Kwa kawaida hauhitaji kukatwa sana.

6. Gome. Litakuwa linabanduka lenyewe. Usilivute kwa mkono hata kama linakushawishi, maana ukivuta ambalo halijawa tayari unaacha jeraha. Likiota utando wa kijani, wenye bustani wanaliosha wakati wa baridi kwa maji na sponji laini. Ndiyo, mti unaogeshwa.

7. Mwonekano. Mti mmoja mbele ya ukuta mweupe haupendezi. Weupe unataka giza nyuma yake, kama ua wa miti ya kijani kizito. Ndo maana wanaipanda mitatu au zaidi kwa pamoja, au wanachagua mti mmoja wenye mashina mengi. Kule Cambridgeshire, Uingereza, kuna bustani inaitwa Anglesey Abbey yenye kichaka kizima cha mibetula hii, na watu wanaenda kuitazama msimu wa baridi, wakati bustani nyingine zimekufa.

Tahadhari mbili kwa aliye ughaibuni. Chavua ya mbetula ni moja ya sababu kubwa za mafua ya mzio Ulaya ya kaskazini, kwa hiyo kama nyumbani kuna mtu anapiga chafya kila mwaka ukifika mwezi wa nne, afikirie mara mbili. Na aliye Marekani au Kanada ajue kuna mbawakawa wa huko, kisayansi anaitwa Agrilus anxius. Viwavi wake wanatoboa chini ya gome na kukata njia ya maji na chakula, mti unaanza kukauka kutoka juu. Mibetula ya Ulaya na Himalaya inashambuliwa sana na huyo mdudu, hasa ikiwa imeshachoshwa na joto na kiu. Huko wanashauriwa kupanda mbetula wa mtoni, Betula nigra, unaovumilia zaidi, ila gome lake sio jeupe la namna hiyo.

Hilo neno "imechoshwa na joto" liweke kichwani, twende kwetu.

Sasa, hizi mbegu tunazoziona mtandaoni

Mbegu za mbetula zipo, ni halisi, na ni rahisi sana kwa bei ya jumla. Ni ndogo mno, zina vibawa vya kupeperukia, na mti mmoja unatoa nyingi mno. Ndo maana kila muuzaji wa mbegu wa mbali anazo. Unaona pakiti imeandikwa mbegu 100 kwa bei ya soda mbili, unaona fursa.

Matatizo yake ni matatu.

La kwanza, mbegu hizi zimezoea kulala kwenye baridi kabla ya kuota. Kule wanaziweka kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji wiki kadhaa, halafu wanazitandaza juu ya udongo bila kuzifukia kwa sababu zinahitaji mwanga. Mteja wako atazifukia kama mahindi. Hazitaota, na atakayelaumiwa ni wewe.

La pili, tuseme zimeota. Mti uliobebeshwa ukikusanya mbegu zake, watoto hawatoki kama mama. Pakiti yenye picha ya Grayswood Ghost haiwezi kukupa Grayswood Ghost. Huenda ukatoka mti wenye gome la kijivu au rangi ya krimu. Na mteja alinunua weupe.

La tatu na kubwa, tuseme umefuata kila kitu na mche umeota. Friji ilikupa baridi ya mbegu. Baridi ya mti utaitoa wapi? Huu mti umezoea mwaka wenye majira manne, unadondosha majani, unalala miezi, unaamka. Dar, Mombasa, Tanga na Zanzibar hatuna hicho kitu, tuna joto mwaka mzima. Kama Wamarekani wenye theluji yao wanaona mti unachoka kiangazi kikizidi, wewe unamuuzia nini mtu wa Temeke?

Tupige hesabu kidogo, namba ni za mfano tu. Umenunua pakiti 20 kwa 4,000 kila moja, hiyo ni 80,000. Umeuza kwa 12,000, umepata 240,000. Faida 160,000, umefurahi. Baada ya miezi mitatu wateja 12 wanakuja juu, na wewe ni muungwana unawarudishia hela zao, 144,000. Imebaki 16,000. Hapo hujahesabu bando, bodaboda wala muda uliokaa ukijibu matusi.

Na usiporudisha? Unabaki na 160,000 yako, lakini wateja 12 wanasema kila mahali kuwa unauza picha. Hao hao ndo walikuwa wanunue kwako vyungu, udongo na mbolea mwaka mzima. Kwa muuzaji mdogo kama mimi na wewe, mteja anayerudi ndo mtaji. Hatuna hela ya kulipia tangazo kila tukipoteza mtu.

Kuna na sheria

Hili watu wanalichukulia poa kwa sababu mbegu zinaingia kwenye bahasha ya barua. Mbegu na mimea kutoka nje haiingii kiholela. Tanzania inasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kenya ni KEPHIS. Unatakiwa kuwa na kibali cha kuingiza, na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Sababu yake inaeleweka, maana kwenye mbegu au udongo kunaweza kuja mdudu au ugonjwa ambao hatuna, ukaenda kula mazao ya mkulima asiyejua hata mbetula ni nini. Kama unataka kufanya biashara ya mbegu kutoka nje, anza kwao, uliza utaratibu, ndo uagize. Anayekwambia "tutaandika zawadi kwenye bahasha" anakuuzia kesi.

Mteja anataka nini hasa?

Hapa ndo kazi yetu ya uuzaji. Mteja hajaamka asubuhi akitaka Betula utilis. Ameona picha ya nyumba nzuri yenye mashina meupe, anataka nyumba yake ifanane. Ukimuuliza maswali matatu tu utajua cha kumuuzia: uko wapi, eneo lako lina ukubwa gani, na nini kimekuvutia kwenye picha?

Akisema "ule weupe", una njia hizi.

Mkaratusi wenye harufu ya limao. Shina lake ni laini, jeupe au lenye wekundu kidogo, linabanduka na kubaki safi. Huu unakua kwetu vizuri na miche yake sio ya kutafuta sana. Lakini mwambie ukweli, unakuwa mti mkubwa mno na unakunywa maji. Ni wa mwenye shamba au eneo kubwa, mbali na nyumba na mbali na kisima. Mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 usimuuzie.

Mgunga wa gome la manjano, ule unaouona Naivasha na kwenye msitu wa Lerai ndani ya kreta ya Ngorongoro. Sio mweupe, ni manjano ya kijani, lakini ukipandwa mitatu pamoja unaleta ule ule uzuri wa shina. Unapenda sehemu yenye unyevu. Una miiba, kwa hiyo sio wa pale watoto wanapochezea.

Chokaa. Usicheke. Shuleni na kwenye ofisi za serikali wamepaka mashina ya miti miaka na miaka. Mteja mwenye miti iliyokomaa tayari, akipaka chokaa mashina kwa usafi na mstari ulionyooka, akaweka kokoto nyeupe chini na taa ndogo ya kumulika usiku, picha yake itapendeza. Mwambie asipake rangi ya mafuta, chokaa ya maji inatosha. Na hapo wewe unauza kokoto, taa, vyungu vyeupe na mimea ya kijani kizito ya kuweka nyuma. Hiyo oda moja ina faida kuliko pakiti 20 za mbegu.

Jibu la kuweka tayari kwenye simu

Usiandike upya kila siku. Hifadhi hili, badilisha kulingana na biashara yako:

"Habari, asante kwa kutuulizia. Huo mti ni wa nchi za baridi, unahitaji miezi ya baridi kali ili ukae vizuri, kwa hiyo kwa hapa kwetu siwezi kukuuzia nikakuhakikishia. Ila mwonekano huo huo tunaweza kuupata kwa njia nyingine. Naomba unitumie picha ya eneo lako na ukubwa wake, nikushauri bure."

Ona hilo jibu limefanya nini. Limesema hapana bila kumfukuza. Limeonyesha unajua kitu chako. Na limemfanya atume picha ya kwake, maana yake mazungumzo yanaendelea. Kuna atakayekasirika aende kwa anayemwambia "ipo". Mwache. Miezi mitatu sio mingi.

Usiyeuza miche unachukua nini hapa

Hata kama unauza mawigi, mapazia au vyombo, angalia wale wauza miche wa kule wanavyofanya, uchukue haya matatu.

Onyesha bidhaa kama itakavyofika. Wao wanaweka picha ya mti mkubwa na picha ya mche wa kahawia, zote mbili. Wewe weka picha ya pazia la dukani na lililoning'inizwa kwenye nyumba ya kawaida yenye taa ya kawaida.

Pima, andika namba. "Mche mkubwa" sio kipimo, sentimita ni kipimo. "Dera kubwa" vilevile.

Uza na maelekezo. Mche wa mbetula unakuja na karatasi ya lini upande na lini usikate. Bidhaa yako ikiharibika mikononi mwa mteja kwa sababu hukumwambia aifue kwa maji baridi, kwenye macho yake ni bidhaa mbovu.

Picha nzuri inaleta mteja mara moja. Akishafungua mzigo, kilichomo ndani ndo kinaamua kama atarudi. Basi leo ukitumiwa ile picha ya miti mitatu, usikimbilie kutaja bei. Anza na swali: uko wapi?

Mtumie mwenzako anayeuza miche. Biashara njema.